Jinsi ya kusoma utafiti kuhusu jeraha la moyo kwenye upasuaji, usiishie kwenye namba ya troponini

Mwaka juzi, saa tatu usiku, mdogo wangu mtoto wa mama mdogo alinitumia picha WhatsApp. Karatasi ya maabara, imekunjwa mara nne ikakunjuliwa, kidole gumba chake kinaonekana pembeni, na katikati kazungushia namba moja kwa kalamu nyekundu: troponini I (kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia) 3,900, kawaida chini ya 26. Baba mdogo alikuwa kafanyiwa baipasi ya moyo, upasuaji wa kuunga mshipa mpya kupita palipoziba, jana yake. Chini ya picha kaandika "Dada shikamoo, hii ni mara 150 ya kawaida, nimesoma utafiti unasema ikipita mara 10 ni mshtuko wa moyo. Niambie ukweli, baba anatutoka?"

Mi ni nesi, miaka mingi sasa niko ICU ya upasuaji wa moyo. Kilichoniuma usiku ule ni kwamba huyu kijana hakuwa mvivu, alitafuta, akasoma, na alichosoma kilikuwa cha kweli, ila alisoma mstari mmoja akaishia hapo. Na sio yeye peke yake, wanafunzi wa udaktari na unesi wanaokuja kwetu kujifunza wanafanya hivyohivyo, anakuja na simu mkononi, "sista hii dawa imethibitika inalinda moyo", ukimuuliza imelinda vipi anasema troponini imeshuka. Sawa, imeshuka, na mgonjwa je? Hilo swali ndo limenifanya niandike hapa ninavyozisoma mimi tafiti za aina hii, we mwanafunzi au we ndugu wa mgonjwa ufuate ukiona inakufaa.

Anza na meza ya upasuaji kwanza, utafiti baadaye. Usipojua moyo ulipitia nini pale, namba zote zitakuwa hewani tu. Daktari akitaka kuunga mshipa mpya kwenye mishipa midogo ya moyo, au abadilishe valvu, ule mlango wa ndani ya moyo, anahitaji moyo uliotulia na usiojaa damu mbele ya macho yake. Kwahiyo mashine ya moyo na mapafu inashika zamu, damu inatolewa upande wa kulia wa moyo, inapewa oksijeni kwenye mashine, inarudishwa kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni, mwili mzima unaendelea kula kama kawaida. Wa kwanza kufanikiwa nayo kwa binadamu ni John Gibbon kule Philadelphia, tarehe 6 Mei 1953, kwa msichana wa miaka 18 aliyekuwa na tundu kwenye moyo. Alafu inakuja klempu, koleo la kubania mshipa. Aota inabanwa, na kuanzia sekunde hiyo mwili unapata damu lakini msuli wa moyo wenyewe haupati. Ukiona kwenye utafiti wameandika muda wa klempu dakika 70 au 110, ndo huo, muda ambao moyo umekaa na njaa.

Ukiuacha udunde na njaa hiyo utajimaliza, ndo maana unapewa kadioplejia, maji ya kuusimamisha, na kinachofanya kazi humo zaidi ni potasiamu. Damu yetu ina potasiamu 3.5 mpaka 5 hivi kwa kipimo cha milimoli kwa lita, maji ya St Thomas' yaliyobuniwa London yana kama 16. Moyo ukiyapokea unalegea, mistari ya monita inalala bapa, na mtu anayeona mara ya kwanza anashika mdomo. Moyo uliosimama hivyo unatumia oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 90 ukilinganisha na moyo unaofanya kazi, na ukipozwa inapungua tena. Mengine kwenye kadioplejia yanatofautiana, wengine wanachanganya na damu wengine hawachanganyi, wengine wanarudia kila dakika 15 au 20, ile ya del Nido wanapiga dozi moja inayokaa mpaka dakika 90 hivi, ukisoma utafiti angalia tu walitumia ipi maana kila moja ina tabia yake.

Hapo kuna habari moja ya zamani napenda kuwaambia wanafunzi. Denis Melrose, wa hospitali ya Hammersmith, London, alichapisha wazo la kusimamisha moyo kwa potasiamu sitreti mwaka 1955. Watu wakalipokea vizuri, alafu wakaanza kuona msuli umekufa kwenye mioyo iliyopewa, potasiamu ikatupwa, miaka ikapita. Baadaye ikaja kuonekana tatizo halikuwa potasiamu, tatizo ni dozi ilikuwa kali mno, na miaka ya 1970 ikarudi kwa kiasi kidogo na leo vyumba vya upasuaji duniani kote vinaitegemea. Kwahiyo ukikutana na utafiti unaosema "dawa fulani haifai", kabla hujakubali tafuta dozi, tafuta walimpa mgonjwa saa ngapi, kabla ya klempu, wakati wa klempu au baada. Kitu kilekile, muda tofauti, majibu tofauti.

Sasa jeraha lenyewe. Moyo kwenye upasuaji unaumia kwa njia zaidi ya moja na hapa ndo wengi wanapotea. Kuna njaa ya kwenye klempu. Kuna kurudi kwa damu, klempu ikifunguliwa damu inaingia kwa nguvu kwenye seli zilizochoka, kalsiamu inafurika ndani na seli nyingine ambazo zingepona zinafia hapohapo. Kuna mkono wa daktari, kisu kimekata msuli, sindano imepita, moyo umegeuzwa, umepigwa shoti ya umeme uanze kudunda. Kuna hewa iliyobaki ndani ikakimbilia kwenye mshipa wa moyo, mara nyingi ule wa kulia. Na kuna lile tunaloliogopa kuliko yote, mshipa uliounganishwa umeziba. Vyote hivyo vinamwaga troponini kwenye damu, kwasababu troponini ni protini ya ndani ya msuli wa moyo, msuli ukiumia inavuja. Karatasi ya maabara haikwambii imevuja kwa sababu ipi. Mgonjwa aliyekatwa msuli ili kufikia valvu atakuwa na troponini kubwa kuliko mwenzake aliyefanyiwa kitu kidogo, na anaweza akawa anaendelea vizuri kuliko huyo mwenzake.

Ukishalielewa hilo, fungua utafiti. Usianze na hitimisho. Mi naanza na swali moja la kijinga kwa kuangalia lakini linaokoa: hawa watu walipima nini na waliapa kupima nini? Kila utafiti mzito wa kulinganisha matibabu unatakiwa uwe umeandikishwa kabla haujaanza, kwa mfano kwenye tovuti ya ClinicalTrials.gov, ni bure, unachukua namba ya usajili iliyo mwishoni mwa muhtasari unaiweka pale, inakuja kurasa inayoonyesha kipimo kikuu walichoahidi. Linganisha. Kama waliahidi vifo ndani ya mwaka mmoja alafu kwenye muhtasari wanashangilia troponini ya masaa 24, kaa macho.

Nikuonyeshe kwa kisa kizima, maana bila kisa hili somo halishiki.

Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, Murry, Jennings na Reimer, walichukua mbwa wakaziba mshipa wa moyo dakika 5 wakaachia dakika 5, mara nne, ndipo wakaziba kwa dakika 40. Mioyo iliyofanyiwa zile ziba-achia fupi ilikufa sehemu ndogo sana, kama robo tu ya ile ambayo haikuandaliwa. Yaani moyo ukionjeshwa njaa kidogokidogo unajiandaa kwa njaa kubwa. Baadaye ikaonekana hata ukibana kiungo kingine mbali na moyo, moyo unajiandaa vilevile. Sasa fikiria, kiungo kingine ni nini, ni mkono. Na kinachobana mkono kipo kila wodi, mpaka zahanati ya kijijini kipo, ni kile kitambaa cha mashine ya presha.

Mwaka 2007 kundi la Hausenloy na Yellon, London, wakatoa matokeo kwenye jarida la Lancet. Wagonjwa 57 wa baipasi. Nusu hivi wakavalishwa kitambaa cha presha mkono wa kulia, kikajazwa mpaka 200, dakika 5 kimebana, dakika 5 kimeachia, mara tatu, kabla ya upasuaji. Troponini T iliyomwagika kwa masaa 72 ikapungua kwa asilimia 43. Asilimia 43 kwa kitambaa cha presha! Mimi nilipokuja kuisoma hiyo nilishindwa kulala, nilikuwa nawaza sisi huku ambako dawa za bei hatuna, hiki kitu hakina gharama, hakina sindano, nesi anaweza kukifanya mwenyewe wakati mgonjwa anasubiri kuingizwa. Niliwahubiria wenzangu wa zamu, wakanisikiliza.

Sasa isome tena hiyo paragrafu iliyopita kwa jicho la msomaji. Watu wangapi? 57. Kilichopimwa ni nini? Troponini. Waliohesabiwa kufa, kupata kiharusi, kufeli figo? Utafiti wa watu 57 hauwezi kujibu hilo hata ukitaka, kwasababu kwenye baipasi ya kupangwa kwenye hospitali nzuri wanaokufa ni wachache sana, kwenye watu 57 unaweza usipate hata mmoja au ukapata wawili kwa bahati mbaya upande mmoja. Wenyewe watafiti hawakudanganya, walisema wazi tafiti kubwa zinahitajika, sisi wasomaji ndo tulikimbia mbele.

Hizo tafiti kubwa zikaja, mbili kwa mpigo, Oktoba 2015, kwenye jarida la New England Journal of Medicine. ERICCA ya Uingereza, wagonjwa 1,612 wenye hatari kubwa, wanafanyiwa baipasi peke yake au na valvu. Kipimo kikuu waliweka kitu kizito: kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa, mshtuko wa moyo, kurudia kufunguliwa mishipa, au kiharusi, ndani ya miezi 12. Waliobanwa mkono asilimia 26.5, wasiobanwa asilimia 27.7. RIPHeart ya Ujerumani, wagonjwa 1,403 waliingizwa, wakachambuliwa 1,385. Waliopata tatizo kwenye waliobanwa ni 99, kwenye wasiobanwa ni 101. Tofauti ya watu wawili. Hata troponini yenyewe haikuonyesha tofauti ya maana.

Nilipoisoma niliumia kweli. Lakini ndo nikaanza kusoma vizuri, na mambo yafuatayo nimeyatoa humo.

Angalia walivyogawanywa. Lazima iwe kwa kura, kompyuta ndo inaamua nani aende kundi gani, sio daktari kuchagua kwa macho. Daktari akichagua atawapeleka wenye afya nafuu kwenye dawa mpya bila hata kukusudia, ni ubinadamu. Alafu angalia nani alijua. Kwenye tafiti hizi za kubana mkono, watu wa kundi la pili nao walifanyiwa igizo la kubanwa, ili mgonjwa asijue na wanaopima wasijue. Ukikuta daktari wa upasuaji anajua mgonjwa yuko kundi gani na yeye ndo anaamua lini atolewe kwenye mashine ya kupumulia, matokeo ya "walitoka ICU mapema" uyachukue kwa mkono mmoja.

Hesabu watu. RIPHeart waliingia 1,403 wakachambuliwa 1,385, pungufu ni 18, kwenye idadi kubwa hivyo haisumbui sana na kwenye maandishi wanaeleza. Lakini ukikuta waliingia 60 wakachambuliwa 45, hao 15 waliopotea ndo habari yenyewe, uliza wameenda wapi, wasije wakawa ndo walioharibikiwa.

Usome sehemu ya dawa ya usingizi. Najua inachosha, herufi ndogo, majina magumu, lakini humo kuna vitu. RIPHeart wagonjwa wote walilazwa kwa propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, na wapo wataalamu waliosema propofoli inaweza kuwa inaua nguvu ya huko kubana mkono. Hoja ya haki, na hapohapo uone jinsi kitu kidogo kwenye njia kinavyoweza kugeuza jibu. Na usingizi wenyewe ulikuwa na kisa kama hikihiki, miaka mingi tafiti ndogondogo zilionyesha gesi za usingizi zinalinda moyo kuliko dawa za mshipani, troponini inashuka, watu wakabadilisha mpaka utaratibu. Ukaja utafiti wa MYRIAD mwaka 2019, wagonjwa 5,400 wa baipasi, nchi 13, vifo ndani ya mwaka mmoja asilimia 2.8 kwa gesi na asilimia 3.0 kwa wasiopewa gesi. Hakuna tofauti. Na ona pia kwamba kupata jibu hilo kulihitaji watu 5,400, kwahiyo ukiletewa utafiti wa watu 80 unaodai umepunguza vifo, hata kama namba ya p imependeza, subiri.

Kwenye namba ya p mi sina mengi, ikiwa chini ya 0.05 wanasema matokeo hayaonekani kuwa ya bahati tu, basi. Haikwambii tofauti ni kubwa kiasi gani wala kama inamsaidia mtu. Angalia zile namba mbili zinazofuatana kwenye mabano, ya chini na ya juu, ukikuta zimetanuka kama mlango wa gereji ujue hata wao hawajui tofauti halisi iko wapi.

Sasa turudi kwa baba mdogo na ile mara 10, maana hapo ndo maswali mengi yanatoka.

Hiyo mara 10 ipo kweli. Inatoka kwenye tafsiri ya kimataifa ya mshtuko wa moyo, toleo la nne la mwaka 2018, inayosema mgonjwa wa baipasi ambaye troponini yake ilikuwa kawaida kabla, ikipanda zaidi ya mara 10 ya kikomo cha kawaida ndani ya masaa 48, anaweza kuhesabiwa kapata mshtuko wa moyo wa upasuaji. Ila, na hii ila ndo mdogo wangu hakuifikia, lazima kuwe na ushahidi mwingine juu yake: ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, imebadilika na kutoa mawimbi mapya ya Q (alama ya msuli uliokufa), au picha ya mishipa inaonyesha mshipa umeziba, au eko, ultrasaundi ya moyo, inaonyesha sehemu mpya ya moyo haisogei. Namba peke yake haitoshi.

Alafu mwaka 2022 ukatoka utafiti uliosaidia sana watu wa ICU, VISION wa upasuaji wa moyo, wakiongozwa na Devereaux wa Kanada. Wagonjwa 13,862 kwenye hospitali 24 za nchi 12. Wakapima troponini I kila mtu, kikomo cha kawaida cha kipimo chao ni 26, wakauliza swali la mtu wa kawaida kabisa: ni kuanzia wapi kwenye hii namba watu wanaanza kufa zaidi ndani ya siku 30? Kwa waliofanyiwa baipasi peke yake au valvu ya aota peke yake, kipimo cha ndani ya siku moja baada ya upasuaji, mstari ulikuwa 5,670. Mara 218 ya kawaida. Kwa upasuaji mwingine wa moyo mstari ulikuwa 12,981, mara 499. Na wale wa baipasi karibu wote walipita mara 10.

Nilichukua ile karatasi nikapiga hesabu naye kwenye simu. "Soma jina la kipimo." Akasoma, troponini I. Vizuri, kwasababu troponini T ina namba zake na huwezi kuchukua mstari wa I ukaupeleka kwa T, na hata I kwa I mashine za kampuni tofauti hazisomi sawa. "Kikomo?" 26. "Damu ilichukuliwa lini?" Asubuhi, hata siku haijaisha tangu atoke chumba cha upasuaji. "Amefanyiwa nini?" Baipasi, mishipa mitatu, hamna valvu. Basi 3,900 gawanya kwa 26 ni 150, iko chini ya 218. Nikamwambia hiyo haimaanishi hana tatizo, na ingekuwa juu ya 218 isingemaanisha anakufa, ule mstari ni wa maelfu ya watu wakiwa pamoja sio wa mtu mmoja, ila haiko pale ulipokuwa umeipeleka wewe. Nilisikia akipumua.

Nikamwambia pia asiangalie namba moja. Troponini ya upasuaji inapanda masaa ya mwanzo alafu inaanza kuteremka, mwelekeo wake ndo unaongea. Ikiteremka alafu ikageuka kupanda tena, hapo ndo daktari wa zamu anaamshwa usiku wa manane. Siku zilizofuata ya baba mdogo ilikuja 1,180. VISION kwa siku ya pili na ya tatu mstari wao wa baipasi ulikuwa 1,522.

Kitu kingine ambacho tafiti hizi zinapima ni nguvu ya moyo kusukuma, na hapa wanatumia EF, ile asilimia ya damu inayotoka kwenye chemba ya kushoto kila inapojibana. Kawaida ni 55 kwenda juu. Inaonekana rahisi kuliko troponini lakini ina mitego, na mtego mkubwa unatuhusu sisi huku Afrika Mashariki kuliko Wazungu. Wagonjwa wetu wengi wa valvu, Dar, Nairobi, Kampala, ni vijana wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, valvu ya mitro, ile ya upande wa kushoto inayoingiza damu kwenye chemba ya kushoto, inavuja au imebana. Inayovuja inadanganya EF. Chemba ya kushoto ikijibana, damu nyingine inatoka kwenda mwilini na nyingine inarudi nyuma kirahisi, na eko inahesabu zote kama zimetoka. Kijana anaonekana ana EF 60, kumbe msuli umeshachoka, ndo maana miongozo inasema kwenye mitro inayovuja sana EF ikifika 60 kushuka chini ni dalili ya kwenda kwenye upasuaji sio dalili ya kutulia. Valvu ikibadilishwa mlango wa nyuma umefungwa, EF inashuka labda 48, na ndugu wanasema daktari kaharibu moyo. Hajaharibu, ule mlango uliokuwa unasaidia kudanganya haupo tena. Kwahiyo utafiti wowote unaolinganisha EF kabla na baada ya upasuaji wa mitro, kwanza tafuta kama waandishi wamelisema hilo.

Mtego wa pili ni saa. Moyo baada ya klempu unakuwa umezimia, msuli uko hai ila haujaamka, unafika chini kabisa masaa 4 mpaka 6 hivi baada ya upasuaji alafu unaanza kurudi na wengi kesho yake wamerudi vizuri. Sisi ICU tunaijua hiyo saa, ndo wakati unapandisha adrenalini kidogo, presha inaanguka bila sababu unayoiona, unaangalia mirija ya kifuani kama kuna damu inatoka nyingi, unapima mkojo wa saa. Utafiti uliofanya eko masaa 5 baada na ule uliofanya baada ya miezi 6 wanaongelea vitu viwili tofauti. Mtego wa tatu, dawa. EF ya mgonjwa aliye kwenye dobutamini, dawa ya kusukuma moyo, ni EF ya moyo na dobutamini pamoja. Na ukuta wa katikati ya chemba mbili baada ya kifua kufunguliwa mara nyingi unasogea vibaya kwenye eko hata kama hamna kilichoziba, usishtuke na neno hilo kwenye ripoti peke yake.

Kabla hujafunga utafiti, nenda jedwali la kwanza, lile la sifa za wagonjwa ambalo wengi wanaliruka. Soma umri, soma ugonjwa, soma nchi. VISION wastani ni watu wa miaka sitini na kidogo. ERICCA ni wazee wa Uingereza wenye mishipa iliyoziba. Binti wa miaka 19 wa Singida mwenye mitro iliyobana, uzito kilo 41, mapafu yana presha kubwa, hayumo kwenye jedwali hilo. Haimaanishi utafiti ni mbaya, inamaanisha unauchukua kwa kiasi. Kadioplejia ya del Nido ilitengenezwa Pittsburgh kwa mioyo ya watoto ikaja kuingia kwa watu wazima, na ilibidi wafanye tafiti upya kwa watu wazima, hawakuhamisha tu. Mi natamani kuona tafiti zetu wenyewe, za hawa vijana wetu wa baridi yabisi, zikiwa na jedwali la kwanza linalofanana na wodi yangu, na wanafunzi mnaosoma hapa mjue nafasi hiyo iko wazi na data iko kwenye mafaili yetu.

Kuhusu kuzipata, usilipe kwanza. PubMed, maktaba ya mtandaoni ya tafiti za tiba, inakupa muhtasari bure, PubMed Central na Europe PMC zina makala nzima nyingi tu bure, na kama uko chuo au hospitali ya serikali muulize mtu wa maktaba kuhusu Hinari, ni mpango wa WHO unaofungulia taasisi za nchi kama zetu majarida ambayo mtu binafsi angelipia dola. Watu wengi wana haki nayo hawajui.

Na kama we ni ndugu wa mgonjwa, usiende kwa daktari na makala umeichapa ukamwekea mezani, mazungumzo yataharibika. Nenda na maswali. Yale niliyompa mdogo wangu aliyaandika nyuma ya karatasi ileile ya maabara, na asubuhi wakati wa raundi akayauliza kwa heshima zake: troponini inapanda au inashuka? ECG ya leo ni sawa na ya jana? Eko ikifanyika kuna sehemu ya moyo iliyoacha kusogea? Dawa za kusukuma moyo zinapunguzwa au zinaongezwa? Daktari akasimama, akavuta kiti, akakaa, akamjibu moja baada ya jingine.